Rejeta ya Bi Kanda

Ukitaka kumwudhi Bi Kanda, mfungulie dirisha. Mengine yote aliyastahimili: wateja waliochelewa, umeme wa kukatika, jogoo wa jirani, hata mimi. Lakini lile dirisha la chumba chake cha kazi, pale nyumbani kwake Ukunda, lilitiwa komeo siku alipoanza kazi na halikufunguliwa tena. Mgeni aliyeingia wakati wa joto la kaskazi, akajipepea kwa ncha ya leso na kusema, "Bi Kanda, tupate hewa kidogo," aliambiwa hewa iko nje, na njia ya kuifuata ni ile aliyoingilia.

Kanda halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Lilikuwa jina la kazi, alilolipata zama za kanda za video, alipokuwa akizibeba kwenye kikapu cha ukili kutoka arusi moja hadi nyingine, na likamganda hata baada ya kanda zenyewe kutoweka duniani. Alipiga video za arusi, upande wa wanawake peke yake. Kwa asiyezijua arusi zetu nitaeleza kidogo. Siku ya kupamba, wanawake hujifungia wenyewe. Mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, na watu wazima wenye heshima zao hufunga leso viunoni wakacheza chakacha. Mwanamume hatakiwi kuona hata kivuli. Kwa hiyo picha za siku hiyo ni amana. Mwanamume hazipigi, hazishughulikii, hazikai dukani kwake wala hazipiti kwenye simu yake. Kutoka Tiwi hadi Msambweni, Bi Kanda ndiye aliyekabidhiwa amana hiyo, na hiyo ndiyo habari nzima ya dirisha.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi shingoni. Arusini alivua viatu mlangoni akaingia na soksi, na baada ya muda mfupi hakuna aliyekumbuka kwamba yupo. Hakupenda watu wanaojileta mbele ya kamera. Wako wale ambao kila ukigeuka wako mbele yako, wanatabasamu, wanarekebisha vidani. Hao hakuwagombeza. Aliwaelekezea kamera muda mrefu, kwa upole kabisa, kifuniko kikiwa kimefunga kioo. Wakija kuuliza mbona hawamo kwenye filamu, aliwajibu kwamba walitoka wazuri mno, mashine ikashindwa.

Alipenda habari za watu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nani kaposwa, nani karudi kwao, nani amegombana na wifi yake kwa sababu ya sufuria. Yote aliyauliza, na kwa urefu. Lakini kwake habari ziliingia tu. Mimi, mwanamke mwenzake na jirani yake, nilikaa naye miaka, nikamlisha umbea wa hoteli yetu nzima pale Diani ninakoshughulikia kompyuta, na yeye hakunirudishia hata tone. Nikimuuliza jambo, jibu lake lilikuwa lile lile: "Bado linapikwa." Ukimuuliza umri wake, bado unapikwa. Ukimuuliza filamu ya fulani itakuwa tayari lini, bado inapikwa.

Hilo la filamu lilikuwa kweli tupu. Kupika, kwa lugha yake, ni ile kazi ya mwisho ambayo kompyuta huifanya peke yake: kuzichanganya picha, nyimbo na yale maandishi yake ya dhahabu mpaka viwe filamu moja. Ni kazi ya saa nyingi, na kadiri inavyoendelea picha hupita kwenye skrini. Na hapa ndipo palipokuwa na kioja, kwa sababu Bi Kanda mwenyewe hakuwa na haraka ya kitu chochote. Kutoka kwake mpaka kwetu, nyumba ya pili, alisimama kwa kila mtu, akauliza wagonjwa, akauliza safari, akauliza mimba. Lakini kompyuta aliikimbiza bila huruma. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, na mtengenezaji hukipangia kasi yake. Bi Kanda aligundua, kwa kutazama video za mtandaoni za vijana ambao hawajaota ndevu, kwamba kasi hiyo inaweza kupandishwa kupita kiwango. Akaipandisha. Alipoona imekubali, akaipandisha tena. Nilimwonya kwamba prosesa ikikimbizwa hivyo hutoa joto jingi, na joto likizidi kompyuta hujizima yenyewe ili isiungue. Akaniambia hata yeye akikimbizwa hutoa joto.

Haraka yote hiyo ilitokana na fungate. Bibi harusi hukaa ndani siku saba na mumewe, na siku ya kutoka, wanawake wa pande zote mbili hukusanyika kwao, wakala, na wakaitazama filamu ya kupamba pamoja, mara ya kwanza na mara nyingi ya mwisho wakiwa wote. Filamu ikichelewa, shangazi wa Wasini amesharudi kwake na dada wa Kinango ameshafuata mbuzi wake. Bi Kanda aliahidi fungate, na hakuwahi kuikosa. Baada ya hapo alifanya jambo jingine ambalo lilimpa jina kubwa kuliko filamu zenyewe: alimwita mwenye arusi, akamketisha mbele ya kompyuta, na akafuta kila kitu huku anatazamwa. Nakala ilibaki moja, mkononi mwa bibi harusi.

Joto alilipiga vita kwa njia zake. Aliondoa ubavu wa lile kasha la kompyuta, akaelekeza pangaboi la mezani ndani. Akaweka sinia la barafu chini ya meza, barafu aliyoipata kwa wauza samaki, chumba kikanuka samaki aina ya changu kwa wiki nzima. Mimi nikamshauri anunue kipozeo kikubwa cha hewa, lile rundo la vibati vyembamba lenye feni mbili linalokaa juu ya prosesa na kulipuliza joto lake. Akakinunua, na ubavu wa kasha ukarudishwa. Kilisaidia msimu mmoja.

Maji hakutaka kuyasikia. Nilipomwambia kwamba wanaokimbiza kompyuta siku hizi huzipoza kwa maji yanayozunguka kwenye mipira, alinitazama kama niliyemtukania marehemu. Bi Kanda na maji hawakuwa na uhusiano. Aliishi umri wote akisikia bahari kutoka barazani kwake, na hakuwahi kuingiza humo hata kifundo cha mguu. Mvua ikinyesha aliifunika kompyuta kwa nailoni, ingawa paa lake halikuvuja. "Mwanangu," aliniambia, "kwenye hiyo diski kuna wake za watu. Wewe unataka niwamwagie maji."

Basi akaolewa mdogo wangu, na ilikuwa kaskazi, na mama yangu akacheza.

Lazima niseme mama yangu alikuwa nani. Alifundisha chuoni. Nusu ya watu wazima wa mtaa wetu wamesoma Kurani mbele ya fimbo yake, na mpaka leo ukilitaja jina lake wananyoosha mgongo. Sikuwahi kumwona akipiga hata kofi la wimbo. Siku ya kupamba, ngoma ilipokolea, aliinuka bila kuambiwa na mtu, akavua miwani akanipa mimi, akafunga leso chini ya kiuno, akaingia katikati. Sitaeleza zaidi, kwa sababu sina ruhusa. Nitasema tu kwamba alicheza zamu tatu, na wapiga ngoma walisahau kuimba. Alipomaliza alikuja akachukua miwani yake, kisha akamwendea Bi Kanda na kumwambia, "Umenichukua?" Bi Kanda akasema ndiyo. "Basi watazame wanawake siku ya fungate, kisha unifute kwenye mashine yako. Na mwanamume asinione. Ikiwa hilo huliwezi, nitoe sasa hivi."

Bi Kanda akasema analiweza.

Siku tatu kabla ya fungate kwisha, kompyuta ilizima. Akaiwasha, akaanza kupika upya, ikazima tena, mahali pale pale: katikati ya ngoma ya mama. Sababu ilieleweka. Bi Kanda aliipenda mno ile sehemu, akaifanya iende taratibu, akaitilia nuru na maua ya asumini yanayodondoka, na hapo prosesa ililemewa kuliko kwingine kote. Lakini mama alipopata habari aliona maana nyingine. "Hata mashine imeona haya," alisema. "Nitoeni."

"Hatolewi mtu," Bi Kanda akajibu. "Na hayo maua hayatoki."

Mimi nikasema basi tupunguze kasi, tuache kuikimbiza. Tukapiga hesabu. Filamu ingeiva mdogo wangu akiwa ameshahamia Lunga Lunga kwa mumewe na wageni wote wametawanyika. Kwa hiyo Bi Kanda akang'oa diski, akaisokota kwenye leso akaitia kifuani, na lile kasha tupu akalifunika buibui lake kuukuu akalituma kwa pikipiki mpaka kwa fundi wa Kona ya Musa. Fundi huyo alikuwa kijana wa kutoka bara, mwenye duka la kompyuta lililofunguka mbele na nyuma, upepo ukipita kati. Akatia diski yake, akaipa mashine kazi nzito mpaka alasiri. Haikuzima. Akairudisha na ujumbe kwamba mashine ni nzima, labda shida iko kwa wenyewe.

Ikarudishwa chini ya meza, ikatiwa diski yake, dirisha limefungwa, ikazima kwenye ngoma ya mama.

Kesho yake fundi akaitwa nyumbani. Chumbani tulikuwa Bi Kanda, mama, mimi, na shangazi zangu wawili waliokuja, kwa maneno yao, kulinda. Kwenye skrini palikuwa na wanawake vichwa wazi. Fundi akapiga hodi mlangoni.

"Karibu, mwanangu," Bi Kanda alimwitikia. "Lakini usikaribie."

Akawekewa kiti barazani, nje ya lile dirisha, na kahawa. Kati yake na sisi palikuwa na ubao wa dirisha.

"Shikamooni," alisema. "Sasa mama, nitaitengeneza aje na siioni?"

"Wewe una masikio na huyu ana mikono," Bi Kanda akasema, akininyoshea kidole mimi ambaye fundi hakuniona. "Mwambie afanye nini."

Akaniambia nizime umeme, nitoe ubavu wa kasha, nimweleze ninachokiona. Nikamweleza: feni mbili, vibati. Akauliza vibati ni safi? Nikapitisha kidole. Kidole kikanata.

"Vina utomvu," nikasema.

"Utomvu aje?"

"Wa rangi ya asali. Umeziba kati ya vibati vyote."

Sauti ya fundi ikauliza, kwa adabu sana, "Samahani, hiyo mashine huwa inavuta sigara?"

Shangazi zangu walifunika nyuso. Bi Kanda hakucheka. Ilibidi aeleze, kwa sauti ya mtu anayesingiziwa, kwamba kila alipoanza filamu mpya aliifukiza kompyuta udi, kama tunavyofukiza nguo za arusi. Alipitisha chetezo huku na huku, kisha akakiacha chini ya meza, moshi upande. Na chini ya meza ndipo palipokuwa na mdomo wa kasha wa kuvutia hewa. Ile mashine ilikuwa imevuta udi, ubani na marashi ya miaka yote, feni zikausukuma moshi kwenye vibati, nao ukaganda humo.

"Haki ya Mungu," alisema fundi, "hiyo nimesikia leo."

Nikavisafisha kwa spiriti na brashi ya meno mpaka vikang'aa, nikapaka upya ile krimu ya kupitishia joto juu ya prosesa, tukawasha. Safari hii mama alicheza zaidi kidogo pale kwenye skrini, akafika kwenye zamu ya pili, skrini ikawa nyeusi. Mama akainuka ajiendee zake. "Mimi natoka kwenye filamu," alisema. "Sitaki tena mazungumzo." Lakini aligeuka akaitazama tena ile skrini nyeusi, na hapo nilitambua kwamba alitaka kuonekana. Mara moja, na wanawake wenzake, alitaka aonekane. Nilimshika mkono akaketi.

"Hiyo room iko na joto kiasi gani?" fundi aliuliza. "Fungueni dirisha kwanza."

Bi Kanda akalisukuma komeo lizidi kukaza, mlio ukasikika hadi barazani.

"Sawa," fundi alisema. "Haifunguki. Nimeelewa."

Akaanza kutufafanulia, na nakiri alifafanua vizuri. Kipozeo cha hewa, alisema, hakina makuu. Feni ikichoka utaisikia inalia, utabadilisha, na hakuna cha kumwagika. Ila kinapoza kwa hewa ya pale pale kilipo, na hewa ya chumba hicho imeshachemka. Hata tukileta kikubwa mara mbili, kitapulizia joto lile lile. Cha maji kinachukua joto upesi, hakipigi kelele, na mashine iliyokimbizwa inakipenda. Ila pampu ikisimama hutaambiwa, utaona imezima tu. Na mpira ukilegea, maji yako ndani.

"Haya," Bi Kanda akasema, akilisogelea dirisha mpaka pua ikakaribia ubao. "Hayo maji yakishachukua joto, yanalipeleka wapi?"

"Kwa rejeta. Kama ya gari, ndogo. Halafu feni inapuliza, joto inatoka."

"Inatoka inakwenda wapi?"

"Kwa room."

"Kwa hiyo unaniuzia maji, niyaogope usiku na mchana, joto litoke chumbani liingie chumbani."

Fundi akacheka, akakiri kwamba hajapata kuulizwa hivyo. Akasema shida yake yeye ni moja, anatibu mgonjwa ambaye hatakiwi kumwona, na kama kingekuwepo angalau kipande kimoja cha hiyo mashine huku nje barazani, angefanya kazi kama mtu.

Bi Kanda alivua miwani. Alikuwa na desturi hiyo kila alipotaka kufikiri, na aliifuta kwa upindo wa leso taratibu, na sisi tukasubiri.

"Hiyo mipira," alisema. "Haiwezi kuwa mirefu?"

Sijui ni nani kati yetu alielewa kwanza. Nafikiri ni fundi, kwa sababu tulisikia kikombe kikiwekwa chini. Hewa haiwezi kufungwa ikapelekwa unakotaka, lakini maji yanafuata mpira. Diski na picha na wake za watu wangebaki ndani, upande wao. Rejeta na feni na joto lote vingekaa barazani, upande wa wanaume, ambako upepo upo na udi haupo, na fundi angeweza kuvishika, kuvisafisha na kuvitukana apendavyo. Dirisha lingetobolewa matundu mawili tu ya kupita mipira, na hata matundu hayo Bi Kanda aliyazungushia nta.

Alikuwa bado anayaogopa maji. Hilo halikubadilika, na sitaki mtu adhani aligeuka shujaa. Fundi alipokuja kesho yake na vitu vyake kutoka Mombasa, rejeta ilikuwa ile ndogo ya kupashia joto ndani ya gari kuukuu, ya shaba kama kile kisahani cha maji cha kukaa juu ya prosesa, kwa sababu alisema aluminiamu na shaba zikikutana kwenye maji mamoja hulana. Ndani tulitia maji ya betri, yasiyo na chumvi. Kabla ya kuwasha kompyuta, Bi Kanda alitaka maji yazunguke peke yake kwa pampu, bila umeme kugusa kitu kingine. Akatandika leso nyeupe chini ya kila kiungio, akaketi mbele ya kompyuta kuanzia adhuhuri, mikono mapajani, anazitazama zile leso. Kiungio kimoja kilitoa tone. Nilikikaza, akabadilisha leso, akaketi tena tangu mwanzo. Midomo yake ilikuwa ikisoma uradi. Shangazi yangu mmoja akaninong'oneza kwamba hata mume hakuwahi kusubiriwa hivyo.

Alasiri tukawasha. Filamu ikaanza kupikwa. Bibi harusi akaingia, akapakwa, akaimbiwa, ngoma zikakolea, mama akavua miwani. Mama akaingia katikati. Zamu ya kwanza, zamu ya pili. Asumini zikawa zinadondoka. Nje feni ilikuwa ikivuma, na fundi, ambaye hakujua mama amefika wapi wala kwamba kuna mama anayecheza, alisema kwa sauti, "Rejeta inapata moto vizuri sasa." Zamu ya tatu. Mama akamaliza, akachukua miwani yake kutoka mkononi mwangu pale kwenye skrini, na filamu ikaendelea na watu wengine.

Vigelegele tulivyopiga vilileta majirani. Fundi alikuwa akiuliza, "Imeshika? Mama, imeshika?" na hakuna aliyemkumbuka mpaka aliposhushiwa sahani ya biriani kwa nafasi ya mlango.

Siku ya fungate wanawake walitazama. Mama alikaa nyuma kabisa, ukutani, na wakati wake ulipofika sikuitazama skrini, nilimtazama yeye. Alikuwa akijiangalia kama anayemkagua mwanafunzi aliyehifadhi sura ngumu bila kosa. Magharibi ilipokaribia alikwenda na Bi Kanda kwenye kile chumba, wakatoka wote wawili, na sikuhitaji kuuliza walikuwa wakifanya nini.

Ile rejeta ikawa mali ya mtaa. Wanawake waliokuwa wakisubiri filamu zao hawakubisha tena hodi kuuliza. Walipita barazani wakaigusa. Ikiwa ya moto, inapikwa. Ikiwa baridi, walijua Bi Kanda analala, wakaanza maneno. Paka wa jirani alihamia hapo. Fundi alikuja mara kwa mara kuosha chumvi ya bahari kwenye vibati vyake kwa maji baridi, akanywa kahawa, akazungumza na Bi Kanda kupitia ubaoni mambo ya kwao bara na bei ya vitunguu. Kwa muda wote huo hakuwahi kutia mguu chumbani. Alipooa binti wa hapa Bongwe, video ya upande wa wanawake aliipiga Bi Kanda, bila shaka. Fundi akajaribu kumwuliza, kwa mzaha wa mtu asiyefanya mzaha, alimwonaje mkewe kwenye filamu. "Kamwulize mwenyewe," Bi Kanda alimjibu kupitia dirishani. "Mna nyumba moja."

Udi hakuacha. Alikihamishia chetezo mlangoni, akawaambia wageni kwamba kompyuta imekatazwa na daktari.

Kisha magoti yakamchosha, macho yakafuata, na bintiye akamchukua kwake Msambweni. Kompyuta aliifuta, akaivunja diski kwa nyundo barazani watu wakiona, na vilivyobaki akampa fundi. Mama yangu alifariki mwaka uliofuata. Tulimzika vizuri, na watu aliowafundisha walijaa mpaka barabarani. Picha zake tulizobaki nazo ni za kitambulisho, na moja ya siku ya kufunga chuo, amekunja uso.

Mdogo wangu alikuwa na nakala yake kwenye flashi. Nilipomwomba, aliniambia kwa kulia kwamba ilishakufa, kila akiichomeka haisomi. Nikaichukua mimi, nikaijaribu kwenye kompyuta zote za hoteli, nikajaribu kila ninachokijua. Hapakuwa na kitu. Basi nikaenda Msambweni. Nitasema wazi nilikwenda kutafuta nini: nilitumaini kwamba yule mwanamke, mara moja tu katika maisha yake, alikuwa amevunja ahadi.

Nilimkuta ameketi kitandani, amepungua mwili, miwani na uzi wake palepale. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza wagonjwa, akauliza safari. Alinipa rambirambi upya, ingawa alishanipa. Mwishowe nikamwambia.

"Bi Kanda, ile filamu ya mdogo wangu. Hukubakisha hata kidogo?"

"Nilifuta, mwanangu. Mama yako alisimama nyuma yangu nikafuta."

"Hata kipande?"

"Hata kipande. Nilimwambia ninaliweza."

Nilikasirika naye, na nikamwonea fahari, na vyote viwili vikanijia kwa pamoja nikaanza kulia kama mtoto. Hakuninyamazisha. Aliniacha nilie mpaka nikapenga kamasi.

"Inuka ufunge mlango," alisema. "Komeo pia. Yuko mkwe wangu nje."

Nikafunga. Akaniambia nimpe leso iliyoning'inia kwenye mlingoti wa kitanda. Akashuka, akashika mlingoti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akajizungushia leso chini ya kiuno. Nikadhani anataka kwenda msalani, nikamwendea nimshike. Akanisukuma.

"Ile mashine ilivyokuwa ikizima," alisema, "kila ilipozima nilirudi nyuma, nikaanza naye upya. Nimemtazama mama yako mpaka nikachoka, nikamtazama mpaka nikaacha kuchoka. Wewe ulikuwa ukitazama vibati."

Akaanza kucheza. Hakukuwa na ngoma. Aliihesabu kwa ulimi, polepole mno, kama zile picha alivyozifanya ziende. Magoti yalimtetemeka. Lakini kiuno kilijua. Bega lilikuwa la mama yangu, na namna ya kuinamisha shingo, na ile dharau ndogo ya kugeuka kabla ngoma haijasema geuka. Zamu ya kwanza akaimaliza. Kwenye ya pili akasimama, anahema.

"Mkono wa kushoto," alisema, "alikuwa akiuchelewesha. Hivi. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Ya tatu magoti yangu hayaifiki. Jifunge leso. Mimi nitahesabu, wewe uimalize."

Nikavua miwani yangu nikaiweka kitandani, nikajifunga leso, nikasimama mahali pake.